Vyombo vya Bi Rasmiya

Rasmiya binti Jasim alipata mume wa pili bila kuolewa naye. Wa kwanza, Muhsin, alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli, Baghdad. Asubuhi moja ya ukungu alibanwa kati ya mabehewa mawili, akafa kabla ya kuletewa maji. Waliokuja matangani ni wenzake wa kazi. Walileta mchele na samli, wakakaa siku zote za msiba, na mmoja wao, mtu mrefu mwenye mgongo uliopinda kidogo, alichuchumaa nyuma ya nyumba akawa anaosha vikombe vya chai. Hakutoa hotuba. Aliosha vikombe tu, akavifuta, akavipanga.

Mwanamume wa kuosha vikombe vya msiba wa watu Rasmiya hakuwahi kumwona, si Amara alikozaliwa wala hapo Baghdad. Baadaye sana ndipo shemeji yake Latif alipomnong'oneza kwamba yule ndiye Ndugu Ghadhban, katibu wa chama, yule ambaye polisi walikuwa wakimtafuta kila kona ya mji.

Kwa hiyo eda ilipokwisha na Ghadhban akaja na ombi lake, Rasmiya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tuna nyumba mtaa wa Sadriya," alisema Ghadhban. "Tunataka ikae mke na mume, watu wa kawaida. Mume tunaye."

"Na mke?"

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe, dada."

Rasmiya aliuma ncha ya baibui lake, akafikiri. "Huyo mume ana adabu?"

"Ana kifua kibovu na adabu nyingi."

Basi akahamia Sadriya na mtu asiyemjua. Alikuwa akiitwa Abbud, mpiga chapa kutoka Hilla, vidole vyeusi visivyotakata kwa sabuni yoyote, na kikohozi kilichomtangulia kila alikokwenda. Yeye alilala katika sardabu, chumba cha chini ya ardhi, pembeni ya mtambo wa kuchapia gazeti la chama. Rasmiya alilala juu. Wakati wa kazi ulipofika, Abbud aligonga dari kwa fimbo, na Rasmiya akakaa kwenye cherehani yake akakanyaga kwa nguvu, ili ule mdundo wa mtambo uzame ndani ya mlio wa sindano. Majirani wakajua tu kwamba mke wa Abbud ni mshonaji hodari asiyechoka.

Mara mojamoja, kwa makubaliano, waligombana kwa sauti. Abbud ndiye aliyesema kwamba mke na mume wasiogombana hutiliwa shaka. Ila hakuwa na kipaji. Rasmiya angemfokea kuhusu bamia zilizoungua, naye angesimama ameinamisha kichwa kama mwanafunzi, mpaka Rasmiya amkanyage mguu: "Nijibu, bwana we! Mama Sabiha anasikiliza!"

Mama Sabiha alikuwa jirani wa mbele. Roshani yake ya mbao ilikaribia kugusana na yao, na hakuna kilichopita kwenye kichochoro kile bila yeye kukipima.

"Wee Rasmiya," aliuliza siku moja huku akichambua mchele, "mbona mimba haiingii? Tatizo ni wewe au ni yule mkohozi?"

"Ni majaaliwa, dada yangu."

"Majaaliwa! Majaaliwa nayo yanataka kusaidiwa. Mnalala chumba kimoja lakini?"

Rasmiya alicheka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alianika shuka za kitanda kikubwa kila wiki, mahali ambapo Mama Sabiha angeziona vizuri.

Hayo yote yalivumilika. Adui alikuwa nje, alijulikana, alivaa sare. Kilichokuja kuwatoa roho kilitoka ndani.

Ilikuwa hivi. Ghadhban alikuwa katibu tangu chama kilipokuwa watu wa kujaza mkeka mmoja. Sasa kilikuwa na watu Basra, Mosul, na katika vitongoji vya wafanyakazi, na msaidizi wake, wakili kijana aitwaye Munir, akaanza kusema kwamba umefika wakati wa mkutano mkuu na uchaguzi. Ghadhban akasema uchaguzi wa watu wanaojificha ni kuwapelekea polisi karamu. Munir akasema basi katibu anaogopa kura. Ghadhban akasema Munir ana haraka ya kiti. Na kwa kuwa wanachama wa mbali hawakumjua yeyote kwa sura, chama kwao kilikuwa ni lile gazeti tu. Yeyote atakayelitoa gazeti ndiye angekuwa katibu. Ugomvi wote ukaja kusimama juu ya ule mtambo mmoja, chini ya nyumba ya Rasmiya.

Munir ndiye aliyeanza kuja. Alifika mchana, Abbud akiwa ametoka kutafuta wino, akaketi bila kuvua koti.

"Dada Rasmiya, wewe ni mtu wa akili. Hujawahi kujiuliza Ghadhban alitokaje jela ya kusini kabla ya wenzake?"

"Alisema walimwachia kwa ugonjwa."

"Alisema." Munir alilirudia neno lile taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Wenzake walikuwa wagonjwa zaidi yake. Wawili wamezikwa huko huko. Yeye katoka, na tangu atoke nyumba zetu zinavamiwa. Simtuhumu mtu. Nauliza tu."

"Unataka nini kwangu, ndugu?"

"Mwangalie Abbud. Ni mtu wa Ghadhban. Anatoka anakwenda wapi, nani anakuja kumwona. Mimi nitapita tena."

Alipoondoka, Rasmiya aliketi kwenye cherehani bila kushona. Alimkumbuka yule mtu aliyechuchumaa nyuma ya nyumba akiosha vikombe. Kisha akajishangaa: kwa nini mtu mkubwa vile alikaa nyuma ya nyumba? Alikuwa anaosha, au alikuwa anasikiliza wanawake wanazungumza nini? Fikra ile ilimwingia kama mchanga kwenye jicho. Hakuitaka, na haikutoka.

Haikupita muda, Ghadhban naye akaja. Wakati huo wa baridi alizunguka mjini kama muuza tanipu zilizochemshwa na asali ya tende, na mkokoteni wake ulifuka moshi mtamu. Rasmiya alitoka na bakuli. Ghadhban alimchotea huku akiongea bila kusogeza midomo.

"Munir amekuja hapa."

Rasmiya alijiuliza. Nani kamwambia?

"Munir ana binamu katika wizara, dada. Hilo alikwambia? Hakukwambia. Ana nguo za pasi, ana nyumba yenye feni, na hajawahi kukamatwa hata mara moja. Wakili asiyekamatwa, katika mji huu!"

"Na mimi nifanye nini?"

"Mwangalie Abbud. Nilimwamini, lakini siku hizi Munir anamsifu mno. Ongeza asali?"

"Imetosha," alisema Rasmiya, akarudi ndani na tanipu zake. Hakuzila. Alizitazama zikipoa.

Kwa hiyo Abbud alikuwa mtu wa Ghadhban kwa Munir, na mtu wa Munir kwa Ghadhban. Na yeye Rasmiya alikuwa mtu wa nani? Kama wote wawili wamemwomba amchunge Abbud, basi ni nani kati yao hakumwomba Abbud amchunge yeye?

Tangu hapo nyumba ile ikawa na macho. Abbud akikohoa kwa muda mrefu, Rasmiya alijiuliza kama kikohozi ni ishara kwa mtu aliye nje. Rasmiya akichelewa sokoni, alimkuta Abbud amesimama karibu na mlango, eti anatafuta kiberiti. Walikula sinia moja, kila mmoja akitazama mkono wa mwenzake. Akagundua kwamba Abbud akitoka huacha uzi mwembamba umebanwa kwenye mlango wa sardabu. Yeye naye akanyunyiza unga kidogo kwenye ngazi, kuona nani atashuka na lini.

Jioni Abbud alipanda juu, nyayo zake nyeupe.

"Rasmiya."

"Naam."

"Ukitaka kujua nimeshuka saa ngapi, si uniulize? Unga wenyewe tunapewa kwa mgao."

"Na wewe uzi wa mlangoni wa kazi gani? Unafuma?"

Abbud alikaa chini, akajifuta vidole kwenye suruali. Alitaka kusema neno, Rasmiya aliliona likimfika kooni. Kisha akakohoa badala yake, na likapita.

Mambo yalipasuka wiki moja kabla ya sikukuu. Asubuhi alikuja mtu wa Ghadhban na makala ya kuchapwa: Munir amefukuzwa chamani. Kabla ya adhuhuri akaja mtu wa Munir na makala nyingine: Ghadhban amefukuzwa chamani. Kila mmoja aliagiza toleo litoke haraka na mwingine asijue.

Abbud alizipeleka zote mbili juu. Rasmiya hakujua kusoma, na kwa mara ya kwanza Abbud alimsomea kila neno, akaanza na ya Ghadhban. Ilisema Munir ni msaliti aliyejipenyeza, mtu aliyenunuliwa, mbinafsi mwenye uchu wa cheo, anayefanya kazi ya polisi ndani ya safu za wafanyakazi. Akashika ya pili. Ilisema Ghadhban ni msaliti aliyejipenyeza, mtu aliyenunuliwa, mbinafsi mwenye uchu wa cheo...

"Ngoja," alisema Rasmiya. "Hiyo umeshasoma."

"Sijaisoma. Hii ni ya pili."

"Rudia."

Akarudia. Rasmiya alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko.

"Tungepanga herufi mara moja tu," alisema Abbud kwa sauti ndogo. "Tubadilishe jina."

"Abbud, waliniambia nikuchunge."

"Nani?"

"Wote wawili."

Abbud aliziweka karatasi chini. "Na mimi waliniambia nikuchunge. Wote wawili. Munir alisema Ghadhban alikuleta huku kwa sababu zake, mjane mzuri, nisiulize zaidi. Ghadhban alisema wewe ni mtu wa umbea, mtu akikusifia nguo utamwambia kila kitu."

"Ukawaambia nini?"

"Niliwaambia unashona."

Ilikuwa faraja, lakini faraja ya kutia wasiwasi, kwa maana Rasmiya alijua kwamba mtu mwongo angesema maneno hayo hayo, na alimwona Abbud akimtazama kwa fikra hiyo hiyo. Hata hivyo walikubaliana jambo moja: hawatachapa karatasi yoyote kati ya zile mbili. Wakazitia kwenye jiko, maji ya chai yakachemka juu yake.

Gazeti halikutoka. Kila upande ukaamini upande wa pili umeuteka mtambo.

Ijumaa, wanaume wengi wakiwa msikitini, mkokoteni wa punda ulisimama mlangoni. Munir mwenyewe alikuja, amevaa shati kuukuu lisilomkaa vizuri, na vijana wawili wa kiwanda cha nguo.

"Tunauhamisha," alisema. "Hapa si salama."

"Kwa amri ya nani?" aliuliza Abbud.

"Ya kamati."

"Kamati ipi?"

Vijana walikuwa wameshashuka. Walijua kazi: waliufungua mtambo vipande vipande, wakauviringisha ndani ya magodoro na mablanketi ya Rasmiya, wakapandisha juu, wakapakia. Masanduku ya herufi za madini ya risasi wakayafunika kwa mito. Rasmiya alisimama mlangoni, hajui apige kelele au anyamaze. Ndipo alipomwona Ghadhban akikunja kona ya kichochoro na watu wawili wa reli nyuma yake. Hana tanipu leo, na uso wake umekuwa kijivu.

Ghadhban na Munir hawakuwa wameonana uso kwa uso kwa muda mrefu. Walisimama kila mmoja upande wake wa mkokoteni.

"Shusha," alisema Ghadhban.

"Kwa faida ya nani? Ya wale waliokutoa jela?"

"Shusha, mtoto wa tajiri. Kabla sijakushusha mimi."

Mtu wa reli akashika godoro, kijana wa kiwanda akalivuta. Mkokoteni ukayumba, punda akarusha mateke, na kitu kizito ndani ya mablanketi kikalia kama kengele. Munir akamsukuma Ghadhban. Ghadhban, ambaye alikuwa mkubwa kwa umri na mwili, akamkamata ukosi. Wanaume wawili waliokuwa wakitafutwa na serikali nzima walikuwa wanapigana mchana kweupe, katikati ya Sadriya.

Juu kabisa Mama Sabiha akafungua roshani, akapaza sauti iliyofika sokoni. "Jamani ee! Njooni muone! Rasmiya kaachwa! Wanagombea vyombo vyake!"

Kwenye mkahawa wa kona palikuwa na mkaguzi wa polisi na askari wake, wakinywa chai. Wakaja, bila haraka, mkaguzi akifuta masharubu. Ghadhban aliachia ukosi. Munir alitazama chini. Abbud akawa mweupe kama nyayo zake za siku ile.

Rasmiya baadaye alisema hakufikiri. Alisikia tu neno la Mama Sabiha likining'inia hewani, akaliparamia.

"Afande!" alilia, akajipiga kifua. "Nisaidie, afande! Nimechoka! Mwanamume gani huyu, mwaka mzima hana analoleta ila kikohozi! Ananipiga! Kaka yangu kaja kunichukua, na nduguye anataka kuninyang'anya hata magodoro niliyotoka nayo kwetu!"

"Kaka yako yupi?"

Rasmiya akamnyooshea kidole katibu wa chama. "Huyu."

"Na nduguye mume?"

"Huyu hapa, mwenye shati la kuazima."

Mkaguzi aliwatazama wote wawili kutoka juu hadi chini. Rasmiya aliona kwamba sasa hivi atamtambua mmoja wao, na yote yatakwisha. Lakini mkaguzi alikuwa ameshakasirika kwa jambo jingine.

"Watu wazima mna ndevu," alisema, "mnapigania mito ya mwanamke! Hamna haya? Wewe, mkubwa. Na wewe. Peaneni mikono."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema peaneni mikono! Au tukamalizie kituoni?"

Ghadhban akanyoosha mkono. Munir akaupokea.

"Busianeni. Nyinyi ni mashemeji."

Wakabusiana, mashavu mawili, kila mmoja na macho makavu kama jiwe. Wanawake waliojaa kwenye roshani walipiga vigelegele. Rasmiya alikuwa karibu naye akamsikia Munir akinong'ona sikioni mwa Ghadhban, "Afande wako anakujua vizuri." Na Ghadhban akajibu, "Kaja wakati ulipomwita."

Mkaguzi akatoa hukumu yake hapo hapo. Vyombo ni vya mwanamke, viende na mwanamke. Wanaume wote watawanyike, asimfuate mtu. Na mume, kwa kuwa anapiga mke, aende kituoni akazungumze vizuri. Abbud alichukuliwa kwa mkono. Alipopita mbele ya Rasmiya aliinamisha kichwa. Abbud, ambaye hata katika ugomvi wa kuigiza hakuweza kuinua sauti.

Na ili wale mashemeji wasimvamie njiani, mkaguzi alimpa Rasmiya askari mmoja wa kumsindikiza. Hivyo mtambo wa chama ukapita katikati ya Baghdad ukilindwa na polisi. Penye mwinuko wa daraja punda alikwama, askari akaegemeza bunduki yake juu ya mito, akasukuma.

"Mama, umeweka nini humu, mawe?"

"Masufuria ya marehemu mama yangu, mwanangu. Shaba tupu."

"Shaba ya zamani haina mchezo," alisema askari, akifuta jasho.

Ng'ambo ya mto Rasmiya alimshukuru, akampa tende alizokuwa nazo, akamwombea dua kwa mama yake, akangoja mpaka mgongo wake upotee. Kisha akamwelekeza mwenye punda kwenye shamba la mitende ambako Latif, nduguye Muhsin, alikuwa mtunzaji. Latif alitazama mzigo, akamtazama shemeji yake, akaenda kuleta jembe.

Ungesema walimshukuru. Kabla ya mwezi kuandama, karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono zilikuwa zinazunguka mjini. Moja ilitoka kwa Ghadhban, nyingine kwa Munir, na kwa mara nyingine zilikubaliana: yule mwanamke wa Sadriya ni wa polisi. Ushahidi? Watu wengi waliona kwa macho yao. Mkaguzi alikuja alipomwita, akamtii kila neno, akampa ulinzi, na mtambo ukaondoka naye. Nani mwingine husindikizwa na askari katika nchi hii? Mke wa fundi mmoja wa reli, aliyekuwa akija kwa Latif kununua mboga, alimwona Rasmiya akavuka upande wa pili wa njia. Huyo ndiye aliyekuwa amepika katika msiba wa Muhsin.

Habari moja ilimchoma zaidi. Abbud alikuwa ameachiwa siku ya pili tu.

Siku ya pili! Rasmiya aliigeuza habari hiyo asubuhi na jioni. Ghadhban aliachiwa mapema wakasema kanunuliwa, je, huyu? Akamwomba Latif, wakaufukua mtambo, wakauhamishia mahali pengine, na hakumwambia hata mke wa Latif.

Abbud alitokea kwenye lango la shamba baada ya wiki kadhaa, amekonda, na kikohozi kimemtangulia kama kawaida. Rasmiya hakumfungulia. Walizungumza ua wa makuti ukiwa katikati yao.

"Nani alikuonyesha hapa?"

"Wewe mwenyewe uliniambia Muhsin ana ndugu mtunza mitende. Nimeuliza shamba kwa shamba."

"Walikuachia upesi sana, Abbud."

"Mkaguzi aliniuliza kwa nini nakupiga. Nikasema sitarudia. Akanizaba vibao, akasema nikikugusa tena atanivunja mkono. Asubuhi akanifukuza."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Rasmiya alimtazama. Yalikuwa maneno ya ukweli au ya uongo uliotengenezwa vizuri, na hapakuwa na mtu duniani wa kumwuliza.

"Na wewe," alisema Abbud, "yule askari alikufikisha wapi?"

"Ng'ambo ya daraja."

"Akakuacha hivi hivi?"

"Nikampa tende akaenda zake."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Upepo ulipita kwenye makuti. Abbud ndiye aliyetabasamu kwanza, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Rasmiya alitoa komeo. Alimkaanga mayai na nyanya, akamtazama akila kama mtu aliyesahau chakula, na kabla hajamaliza alimwambia, "Nisamehe kwa lile la kunipiga."

"Ulilisema vizuri," alijibu Abbud. "Hata mimi niliamini."

Majira ya joto walikwenda kwa kadhi. Karani aliwasikia wakitajana kama mke na mume, akakuna kichwa: "Samahani, mmekuja kuachana au kuoana?" Walioana, wakabaki shambani kwa Latif. Lakini mahali ulipo mtambo Rasmiya hakumwambia mumewe, na Abbud, kwa adabu zake nyingi, hakuuliza. Kila alipotaka kumwambia alijiambia kesho. Yeye mwenyewe hakujua kama alikuwa anautunza mtambo au anamjaribu mtu.

Mwaka ule ule viongozi wote wawili walikamatwa. Ghadhban alitambuliwa na mlinzi wa zamani wa jela aliyesimama kununua tanipu. Munir alikutwa kwenye hamamu, katika msako wa kumtafuta mwizi, mtu mwingine kabisa. Hapakuwa na aliyewauza. Lakini hilo hawakulikubali, si mmoja wala mwingine, na waliotoka jela walisimulia kwamba wawili hao walilala bweni moja, kila mmoja na sufuria lake, wasijuliane hali, na wafuasi wao wamechora mstari wa chaki sakafuni. Ghadhban alifia humo kwa kifua. Rasmiya alipopata habari alikaa nyuma ya nyumba, akamlilia. Akajikuta anauliza tena kama alikuwa anaosha tu vile vikombe, akajichukia kwa kuuliza.

Waliokuja baadaye kuutafuta mtambo walikuwa viongozi wapya, vijana, wenye maneno mapya. Aliwakana. "Mtambo gani, wanangu? Mimi mshonaji." Mwishowe mtambo aliwapa watu wa reli, wale waliokuwa wamebeba jeneza la Muhsin, akamchukua Abbud awaonyeshe jinsi ya kuuunga. Abbud alipouona umelala chini ya rundo la vifuu na makuti, hatua chache tu kutoka mahali alipokuwa akiswali kila siku, alimtazama mkewe.

"Muda wote huu?"

"Muda wote huu."

Kisha akapiga magoti, akaanza kufuta kutu kwa kanzu yake. Hakuwahi kulitaja tena. Alifariki miaka minane baadaye, na chama hakikutuma mtu msibani, kwa kuwa jina la mwanamke wa Sadriya halikuwahi kusafishwa.

Rasmiya alizeeka akishona katika kiduka chake. Ufalme ulishaanguka, picha za ukutani zilikuwa zimebadilishwa, siku mwanamume mmoja wa nywele nyeupe alipoingia dukani na kitambaa cha harusi ya binti yake. Alimtambua kwa namna alivyoketi bila kuvua koti.

"Karibu, Ndugu Munir."

"Hilo neno sijaitwa siku nyingi." Alizungusha macho dukani, kwenye mlango wa nyuma, kwenye pazia. "Bi Rasmiya, sote tumezeeka. Ghadhban kafa, Abbud kafa. Hakuna wa kudhurika tena. Niambie kweli. Wewe ulikuwa ukimfanyia kazi nani?"

Rasmiya alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo.

"Niliwafanyia kazi nyinyi."

Munir alitikisa kichwa pole pole, na akatabasamu kama mtu aliyejibiwa alichokitarajia. "Basi," alisema. "Kama hutaki kusema, usiseme."

Rasmiya alimmiminia chai, akamsogezea sukari. Munir alishukuru, akakiacha kikombe kikae mbele yake mpaka Rasmiya aliponywa cha kwake. Ndipo akanywa.

Wakaanza kuzungumza vipimo vya bibi harusi.